Howard Hesseman: DJ wa Kwenye Komedi Aliyekuwa DJ Kweli

Wapo waigizaji ambao siku wakifariki watu wanamlilia mtu mwingine. Agosti 8, 2018 alifariki Amri Athumani, nchi nzima ikamlilia King Majuto. Julai 2015 kule Kenya alifariki Benson Wanjau, Wakenya wakamlilia Mzee Ojwang', yule mzee wa Vitimbi aliyekuwa anabonga kwa lafudhi ya Kijaluo wakati mwenyewe ni Mkikuyu. Na Januari 29, 2022, mjini Los Angeles, alifariki Howard Hesseman akiwa na miaka 81, baada ya matatizo yaliyotokana na upasuaji wa utumbo mpana. Marekani watu wakaanza kumlilia Dr. Johnny Fever.

Johnny nani? Vijana wengi wa huku hawamjui, na wala si kosa lao. Komedi ya WKRP in Cincinnati ilirushwa na CBS kuanzia 1978 mpaka 1982, misimu minne, episodi 90. Miaka hiyo Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha TV, na redio ilikuwa RTD basi. Halafu kuna ishu ya jina lenyewe. Ukitamka neno DJ kwenye kijiwe chochote pale Mapera, au ukishuka mpaka Mbamba Bay, kitu cha kwanza kinachokuja kichwani kwa wengi ni yule jamaa wa kutafsiri muvi, kina DJ Mack, na kwa waliozidi umri kidogo, Lufufu. Johnny Fever alikuwa DJ wa ule ukoo wa kwanza: mtu, kipaza sauti, santuri mbili, na mji mzima unaoamka na sauti yake bila kuijua sura yake.

Huyo mtu Mapera wanamjua vizuri tu. Msimu wa kahawa redio ndogo inatundikwa kwenye tawi, watu wanachuma huku mtangazaji anaongea. Hawajawahi kumwona. Lakini akikosekana siku mbili, utasikia mama mmoja anauliza: "Huyu mwanangu leo kapatwa na nini?" Hakuna anayeshangaa swali.

WKRP ni redio ya kutunga, haijawahi kuwepo. Kwenye episodi ya kwanza kabisa, Septemba 1978, ni kituo kilichochoka, kinapiga muziki wa taratibu wa kumsindikiza mzee kwenye usingizi. Anakuja meneja mpya wa vipindi, Andy Travis, anasema kuanzia leo tunapiga rock. Johnny yuko studio, nywele timutimu, macho mazito kama hajalala tangu juzi. Anaambiwa anaruhusiwa. Kwanza haamini. Kisha anaikwangua ile santuri ya kusinzisha, anaweka rock, na palepale, hewani, anajibatiza jina jipya: Dr. Johnny Fever. Halafu anatamka neno moja la kitoto, la makamasi ya puani, neno lilelile lililomfukuzisha kazi kwenye redio kubwa ya Los Angeles. Analitamka kwa raha, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Kabla ya siku hiyo alishakuwa Johnny Cool, Johnny Midnight, Johnny Duke, Johnny Sunshine, kila mji na jina lake. Jina la kwenye vyeti ni John Caravella. Wanaojua maisha ya watangazaji wataielewa hiyo, kwamba unahama kituo na jina unaliacha mlangoni.

Sasa kitu kitamu ni kwamba Hesseman mwenyewe hakuwa anaigiza kwa kukisia. Alizaliwa Oregon mwaka 1940, akaenda San Francisco, akawa kwenye kundi la vichekesho vya papo kwa hapo lililoitwa The Committee. Na mwishoni mwa miaka ya 60 alikuwa anakaa studio KMPX, moja ya redio za kwanza za FM kule zilizomwachia DJ achague mwenyewe cha kupiga. Siyo mchezo, maana mwaka 1968 wafanyakazi wa KMPX waligoma na kuondoka. Yaani jamaa alitoka sehemu ambayo uhuru wa kuchagua wimbo ni jambo ambalo mtu anaweza kuachia mshahara. Hata habari ya kubadili majina aliijua, kwa sababu kazi zake za mwanzo za uigizaji alitumia jina la Don Sturdy.

Ndiyo maana alipokaa mbele ya kipaza sauti cha kuigiza, maneno mengi ya Johnny akiwa hewani hayakuwa kwenye karatasi. Alikuwa anayatoa kichwani. Angalia anavyoingia juu ya wimbo kabla mwimbaji hajaanza, anavyotoka sekunde ileile sauti inapoingia. Hiyo haifundishwi na mwongozaji wa tamthilia.

Watakuja watu watasema: lakini Johnny alikuwa mlevi, mvivu, anasinzia kazini, ana matunzo ya wake aliowaacha, huyo ni wa kusifiwa? Sawa, yote kweli. Kuna episodi wanampima wepesi wake huku anakunywa pombe hewani, iwe funzo kwa wasikilizaji. Kila glasi ikiongezeka, Johnny anazidi kuwa mwepesi. Askari aliyeletwa kupima anabaki mdomo wazi, somo zima limeharibika. Ni komedi bana. Ila ndani ya ule ulegevu kulikuwa na sehemu moja ambayo Johnny hakuilegeza, nayo ni muziki. Mengine yote ya maisha yake yalikuwa shaghalabaghala, lakini ukimgusa kwenye anachopiga, anaamka.

Hapo ndipo mtangazaji wa leo wa Bongo anapopaswa kumtazama vizuri. Kila msanii chipukizi kuanzia Songea mpaka Tandale analijua neno "kubaniwa". Wimbo upo, umerekodiwa vizuri, haupigwi. Na upo mwingine mbovu unapigwa mara nane kwa siku, na kila mtu anajua kuna bahasha ilipita. Komedi ya Cincinnati ililigusa hilo mwaka 1979. DJ mmoja anapokea rushwa ya wasambazaji wa muziki, tena si hela, ni cocaine. Johnny anaugundua mchezo. Bosi wa kituo, Bwana Carlson, mzee mwema asiyejua dunia, akikutana na ule unga anaambiwa ni poda ya miguu. Utacheka mpaka machozi, lakini ukimaliza kucheka unaona Johnny, mlevi wetu, ndiye aliyekasirika kikweli. Kwake DJ anayeuza nafasi ya wimbo ameshaacha kuwa DJ. Watangazaji wangapi wasafi, wenye suti na maelfu ya wafuasi Instagram, wangekasirika hivyo?

Halafu ipo ile ya mwaka 1981, ya sehemu mbili. Johnny hana hela, anapewa dili la kutangaza kipindi cha TV cha kudansi disko, muziki ambao hawezi kuuvumilia. Anakubali, lakini anajitengenezea mtu mwingine wa kuufanya mchongo huo: Rip Tide, nguo za kung'aa, tabasamu la meno yote, maneno matamu ya uongo. Mwanzoni ni utani. Taratibu Rip anaanza kumla Johnny. Anaongea kwa mdomo wake hata kamera ikiwa imezimwa. Hesseman anawaigiza wote wawili na unaona kabisa ni watu tofauti, mabega tofauti, macho tofauti. Mwaka 1981 hakukuwa na TikTok wala kiki, lakini Rip Tide yupo kwenye simu yako sasa hivi, fungua tu utamkuta anatangaza mafuta ya kuotesha ndevu.

Kama utaona episodi moja tu ambayo siyo ya kucheka, iwe ya Februari 1980. Hii ilitokana na tukio la kweli. Desemba 3, 1979, mjini Cincinnati, bendi ya The Who ilikuwa na onyesho. Tiketi nyingi hazikuwa na namba za viti, yaani anayewahi ndiye anayekaa mbele. Maelfu walikusanyika nje kwenye baridi, milango ikafunguliwa michache, watu wakasukumana. Vijana 11 walikufa mlangoni. Ndani muziki uliendelea, bendi haikuambiwa mpaka ilipomaliza kupiga.

Wiki chache baadaye WKRP wakaingiza jambo hilo kwenye komedi. Nusu ya kwanza ni shamrashamra, redio inagawa tiketi, watu wana mzuka. Nusu ya pili ni asubuhi yake. Wamekaa ofisini, hakuna mzaha, wanajiuliza: sisi ndio tuliowaambia waje. Uso wa Hesseman hapo hauna Johnny wala vichekesho, ni mtu wa redio aliyegundua kwamba sauti yake ilikuwa na uzito ambao hakuwahi kuupima. Jiji la Cincinnati lilipiga marufuku mtindo ule wa tiketi mwezi uleule wa msiba, na marufuku hiyo ilidumu mpaka 2004.

Huku kwetu tuna Tabora. Sikukuu ya Idd mwaka 2008, watoto 20 walikufa kwenye disko toto, ukumbi umejaa kupita uwezo wake. Hakuna komedi wala tamthilia kubwa ya Bongo iliyokaa chini na msiba ule na kuwauliza watu wa burudani wanajisikiaje. Labda inaogopesha. Lakini na Wamarekani wale waliogopa, na walirusha hivyohivyo.

Baada ya WKRP Hesseman hakupotea. Aliigiza mwalimu Charlie Moore kwenye Head of the Class kwa misimu minne, akapita kwenye filamu kadhaa. Mitaani waliendelea kumwita Johnny.

Ila Johnny aliuawa mapema kuliko yeye, na aliuawa na makaratasi. Kipindi kilirekodiwa kwenye kanda za video badala ya filamu kwa sababu kwa njia hiyo malipo ya haki za nyimbo yalikuwa nafuu. Ndivyo walivyoweza kupiga nyimbo halisi, za wasanii halisi. Vibali hivyo vilikuwa na mwisho. Vilipoisha, marudio yakaanza kurushwa na nyimbo zimeng'olewa, mahali pake pamewekwa muziki wa bure usio na mwenyewe. Penye mazungumzo juu ya wimbo waliita watu wengine waigize sauti za waigizaji upya, ili wimbo utoke. Hebu fikiria: DJ anautaja wimbo kwa mapenzi yote, anaweka sindano, halafu inatoka milio ya lifti. Ilelile milio ya kusinzisha aliyoikwangua siku ya kwanza! DVD ya msimu wa kwanza ya mwaka 2007 ilitoka ikiwa imekatwakatwa namna hiyo. Mpaka 2014 kampuni ya Shout! Factory ilipohangaika kulipia haki moja moja ndipo nyimbo nyingi ziliporudi.

Msanii wa Bongo anayesaini mkataba juu ya boneti la gari aisome aya hiyo mara mbili. Mwaka 2018, King Majuto akiwa kitandani anaumwa, ndipo suala la mikataba yake ya matangazo lilipofika mpaka kwa waziri, watu wakashtuka kwamba sura inayouza bidhaa nchi nzima haimlipi mwenye sura ipasavyo. Na sauti je? Ni watangazaji wangapi waliolea vijana wa Mbinga, Namtumbo na Tunduru kwa sauti zao, leo ukitaka kusikia hata dakika tano za kipindi chao hazipo popote? Kanda ziliandikiwa juu, au hazikuwahi kurekodiwa. Walifariki, zikabaki picha zao za mnato kwenye simu za watu. Picha ya mtu wa redio ni kitu cha ajabu sana, maana ndicho kitu pekee ambacho wasikilizaji wake hawakuwahi kukihitaji.

Bando likiruhusu, tafuta toleo lile lililorudishiwa nyimbo, siyo lile la lifti. Anza na episodi ya kwanza, ile ya makamasi. Usijali kama Kiingereza chake kinakimbia, kitakimbia tu. Ongeza sauti pale Johnny anapoingia studio, na usikilize jinsi anavyovuta pumzi kabla ya kusema jina lake jipya.