Tusingojee kilio

Van der Graaf Generator, kundi la roki la Uingereza, lilivunjika mwaka 1978. Mwisho wa 2003 Peter Hammill, mwimbaji wao, alishikwa na moyo, kidogo afe. Wazee wale wanne wakaona wasikawie tena. Mwaka 2005 wakatoa Present, diski mbili. Ile ya pili ni muziki uliotoka papo hapo, bila kupangwa: watu wanaosikilizana tu.

Sisi wa sendika ya migodi, tuko na wenzetu tuliogombana nao tangu mugomo wa zamani. Hatusalimiane. Mumoja akifa, ndipo tunakuja ku kilio kumusifu sana. Yeye hasikie. Ndugu, tuwaitie simu leo, mbele ya jeneza. Mushahara tunaudai wote.