Ng'ombe Wako, Sukuma Yangu

Wasee, leo hakuna vichekesho. Niko na hasira.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Nikarudi ushago, Siaya, mama akanipa robo ekari nikapanda sukuma. Pesa ya mbegu na ya kukodi pampu ya maji ilitoka kwa hizi hizi video zangu. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nikapata ng'ombe wanne ndani. Sukuma zimebaki vijiti.

Mwenyewe nilipomwita alisema, "Kijana wangu, mahindi yameshavunwa. Saa hii ng'ombe wote hufunguliwa."

Hapo ndipo shida iko. Huku kwetu, mahindi yakiwa shambani kila mtu hufunga ng'ombe wake kwa kamba. Yakivunwa, Agosti hivi, kamba zinafunguliwa na shamba la kila mtu linakuwa malisho. Zamani ilikuwa na maana: ng'ombe wanakula mabua, wanaacha mbolea, na ni wachache walikuwa na kitu cha kijani shambani. Lakini leo ukipanda za mvua fupi, ama muhogo unaokaa mwaka mzima, wewe ndiye unaonekana mkorofi. Halafu tunaulizwa mbona vijana hatulimi!

Binamu yangu alishatoa panga. Nilimshika mkono. Ng'ombe hana kosa, na kukata mfugo wa mtu ni jinai kwa Kanuni ya Adhabu. Angelala seli yeye, mwenye ng'ombe alale kwake.

Nilirekodi kila tuta kabla sijagusa kitu. Ng'ombe tukawafunga kivulini, tukawapa maji, majirani wawili wakaja kuona, nikaenda kwa naibu wa chifu. Akaita afisa wa kilimo akadirie hasara. Usipande upya kabla hajafika, utakuwa unapalilia ushahidi wako mwenyewe.

"Si uweke ua?" Seng'enge ya robo ekari unajua ni pesa ngapi? Minyaa nimepanda, lakini inachukua miaka kushikana. Na kwa nini mimi ninunue waya, na mwenye ng'ombe ana kamba tayari nyumbani?

Mzee amekubali kulipa nusu, tena baada ya mavuno yajayo. Nimekubali, kwa sababu mama na mke wake wako chama kimoja. Lakini baraza la Ijumaa nitasimama niseme kamba zibaki shingoni mwaka mzima. Watanizomea, najua. Simu itakuwa imejaa chaji.