Titi lenye msongamano si hukumu ya kifo

Ndugu Waislamu, limetufikia mara kadhaa, baada ya darsa za kina mama wa Tarime na Mugumu, swali la mwanamke aliyepigwa picha ya matiti huko Mwanza, akaambiwa kuwa matiti yake yana msongamano mkubwa wa tishu. Hurejea nyumbani akiamini kuwa amekwisha kuhukumiwa. Hofu hiyo haina msingi, na tunachelea kuwa inatusahaulisha lile linalowaua kwa hakika dada na mama zetu.

Titi limeumbwa kwa mafuta, tezi za maziwa na nyuzi zinazozishikilia. Katika picha ya eksirei mafuta huonekana meusi, ilhali tezi na nyuzi huonekana nyeupe. Titi ambalo tezi na nyuzi zake ni nyingi kuliko mafuta ndilo huitwa lenye msongamano. Hali hii haijulikani kwa kushika wala kwa ukubwa wa titi, na aghalabu huwa kubwa zaidi kwa wanawake vijana. Si maradhi. Hata hivyo, humwongezea mwanamke uwezekano wa kupata saratani, na huuficha uvimbe, kwani uvimbe nao ni mweupe: ni kama kumtafuta kondoo mweupe ndani ya ukungu wa asubuhi katika milima ya Tarime. Kwa ajili hiyo, tangu Septemba 2024, vituo vya Marekani vinavyopiga picha hizo vinalazimika kumwarifu kila mwanamke hali ya msongamano wake.

Ama aliyekwisha kuugua, je, msongamano humkaribishia mauti? Mwaka 2012 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani pamoja na wenzao walichapisha habari za wanawake 9,232 waliogunduliwa na saratani ya matiti kati ya 1996 na 2005, wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka 6.6. Yalipozingatiwa mambo mengine, kama vile hatua ambayo ugonjwa umefikia, wenye msongamano mkubwa hawakuonekana kufa kwa saratani hiyo kuliko wenzao. Bali waliokuwa katika hatari zaidi ni wenye msongamano mdogo kabisa waliokuwa pia na unene wa kupindukia, au uvimbe wa sentimita 2 na zaidi. Basi mgonjwa asikate tamaa kwa sababu ya neno hilo.

Sisi huku tunauawa na kuchelewa. Tathmini ya huduma za matiti iliyofanywa nchini mwaka 2017 ilionyesha kuwa takriban asilimia 80 ya wagonjwa hugunduliwa ugonjwa ukiwa umefika hatua ya tatu au ya nne. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2020, kutoka nchi tano za Afrika ikiwamo jirani yetu Uganda, ulikuta kuwa baada ya miaka mitatu ni takriban nusu tu ya wagonjwa waliokuwa hai.

Kwa nini tunachelewa? Wapo waume wanaokataa mke asionwe na daktari mwanamume, na hulinasibisha katazo hilo na dini. Wanazuoni hawakusema hivyo. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa, katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993, lilipanga daraja: kwanza daktari mwanamke Mwislamu, kisha mwanamke asiye Mwislamu aliye mwaminifu, kisha mwanamume Mwislamu, kisha mwanamume asiye Mwislamu, nacho kifunuliwe kiasi cha haja tu, mbele ya mume, maharimu au mwanamke mwaminifu. Anayemzuia mkewe kwa hoja ya aura, na hali daktari mwanamke hapatikani, amejitungia sheria.

Wengine humpeleka mgonjwa kwa wauza hirizi na makombe, na uvimbe ukaendelea kukua. Ruqya ya kisharia hatuikatai, lakini haijapata kuwa kizuizi cha hospitali, Mtume (s.a.w.) ametuamuru kujitibu. Na wapo wanaosema hawana nauli. Hatuwakadhibishi maskini. Ila inashangaza kwamba katika mkoa huu ng'ombe wa mahari hupatikana kwa wiki moja, na nauli ya mgonjwa hukosekana miezi sita!

Mwanamke akiona kinundu kwenye titi au kwapani, ngozi kujikunja, chuchu kuingia ndani au kutoa damu, aende hospitali wiki hiyohiyo. Aliyeambiwa kuwa picha yake ni safi, naye bado anakihisi kinundu, arudi tena aombe kipimo cha ultrasaundi na, daktari akiona haja, kuchukuliwa kinyama cha kupimwa. Hapo ndipo habari ya msongamano ina faida: inatufundisha kutoiamini picha kupita mkono unaohisi uvimbe.

Shirika la Afya Duniani limeweka lengo la uchunguzi kukamilika ndani ya siku 60. Kamati za misikiti ya Tarime na Serengeti zinaweza kulisaidia hilo kwa mfuko mdogo wa safari ya Bugando, na mgonjwa aliye fakiri anastahiki hata fungu la zaka. Uhesabiwe tangu mwanzo kwa safari nyingi, ya mgonjwa na ya maharimu wake, kwa maana tiba ya saratani haimalizwi kwa kwenda mara moja.