Mwanasheria wa Geneva na Mfalme wa Kongo

Mwezi wa Julai 2013 waasi wa ADF waliushambulia mji wetu wa Kamango. Watu zaidi ya 60,000 walivuka mpaka, watoto mgongoni na mizigo kichwani, wakaingia Bundibugyo, Uganda. Miongoni mwa waliowapokea walikuwamo watu wenye alama ya msalaba mwekundu. Alama hiyo wengi wanaijua. Mwanasheria aliyeilinda kwa mkataba, wachache wamesikia habari zake.

Gustave Moynier alizaliwa Geneva, Uswisi, mwaka 1826. Alisomea sheria Paris, kisha akajitia katika kazi za kuwasaidia maskini. Mwaka 1862 Henry Dunant alitoa kitabu juu ya majeruhi wa Solferino, jinsi walivyoachwa uwanjani bila maji wala dawa. Moynier alikisoma, akamwendea mwandishi. Mwaka 1863 wao wawili na wenzao watatu waliunda kamati iliyozaa Msalaba Mwekundu. Dunant alikuwa na moto moyoni. Moynier alijua kupanga kazi na kutunga sheria. Tarehe 22 Agosti 1864 serikali 12 zilitia sahihi Mkataba wa Geneva: askari aliyejeruhiwa atibiwe hata akiwa adui, na anayemtibu asidhuriwe. Moynier aliiongoza kamati hiyo tangu mwaka huo hata alipofariki mwaka 1910.

Lakini sisi watu wa Kongo tunalo neno zaidi juu yake. Mwaka 1879 alianzisha gazeti la habari za Afrika. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alipotangaza kwamba nia yake ni kukomesha biashara ya watumwa, Moynier alimsadiki. Mwaka 1887 aliandika kitabu cha kuitetea kisheria dola ya mfalme huyo katika Kongo, na mwaka 1890 akawa konsuli wake mkuu katika Uswisi. Kumbe katika dola hiyo wanavijiji walilazimishwa kugema mpira msituni. Waliopungukiwa walichapwa, wengine wakauawa, wengine wakakatwa mikono. Mwaka 1908 mfalme alinyang'anywa nchi.

Yawezekanaje mtetezi wa majeruhi kuitumikia dola yenye kujeruhi? Wahenga walisema: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Moynier aliyasikia maneno mazuri ya mfalme. Mgema mpira hakuwapo Geneva kuyajibu.

Basi tumheshimu kwa sheria yake, ambayo mpaka leo inawakinga wanyonge vitani, tena tuonywe na kosa lake. Nanyi wanafunzi, huenda kesho mtakuwa mahakimu na wakubwa wa serikali. Kabla hamjatia sahihi neno lolote juu ya watu, nendeni kwanza mkamwulize yule atakayeubeba mzigo wake.