Mizani ya Umeme na Mkao wa Mwili

Mwezi huu napenda kuwaeleza khabari ya kipimo kimoja kilichokwisha kuingia majumbani mwetu, na namna kilivyokaribia kumdhuru kijana mmoja aliyepata kusoma kwangu.

Kijana huyo ana kazi ya duka, na husimama tangu asubuhi hata magharibi. Alinunua mizani ile ambayo mtu huipanda kwa nyayo tupu, nayo humwonyesha uzito wake na kadiri ya shahamu iliyomo mwilini. Jioni moja ilimwonyesha 24 kwa mia. Akalala, na alfajiri, kabla hajatia kitu kinywani, akaipanda tena, ikamwonyesha 26. Akanijia amefadhaika, akasema, "Mwalimu, nimelala tu, nimeamka nimenenepa!" Mimi nikacheka, naye hakucheka. Tangu siku ile akaacha chakula cha mchana, kisha akaacha na cha usiku, hata akaanguka dukani kwa udhaifu. Ndipo nilipomwambia, "Mwanangu, twende kwa daktari." Nilijuta kwa kicheko changu.

Daktari alitufahamisha ya kwamba mizani ile haiioni shahamu hata kidogo. Hupitisha mwilini umeme mdogo sana, usiohisika, kisha hupima jinsi mwili unavyouzuia. Maji yenye chumvi yaliyomo katika damu na katika nyama huupitisha umeme kwa wepesi. Ama shahamu, kwa kuwa maji yake ni machache, huuzuia. Kwa uzuiaji huo, pamoja na urefu, uzito, umri, na kuwa mtu ni mwanamume au mwanamke, chombo hukisia maji ya mwili, na katika maji hayo hukisia shahamu. Basi ni kisio juu ya kisio. Elimu hii si ya jana: mwaka 1962 tabibu Thomasset wa Ufaransa alipima maji ya mwili kwa umeme, akitumia sindano mbili zilizoingizwa chini ya ngozi.

Sasa yafaa ijulikane ya kwamba maji ya mwili hayatulii mahali pamoja. Mtu akisimama muda mrefu, maji huteremka miguuni. Ndiyo maana viatu hubana jioni. Akilala, hupanda tena kuelekea kiwiliwili. Na umeme katika mwili ni kama maji katika mpira wa kunyweshea bustani: njia ndefu na nyembamba huzuia sana, njia fupi na pana huzuia kidogo. Kwa sababu hiyo mikono na miguu ndiyo yenye sehemu kubwa ya uzuiaji, na kiwiliwili, ijapokuwa ni karibu nusu ya uzito wetu, kina sehemu ndogo tu.

Basi tazameni yaliyompata kijana wetu. Jioni miguu yake ilikuwa imejaa maji, umeme ukapita kwa wepesi, mizani ikadhani shahamu ni chache. Alfajiri maji yalikuwa yamekwisha kuihama miguu, uzuiaji ukazidi, mizani ikadhani shahamu imeongezeka. Hakunenepa usiku ule. Maji yake yalihama tu.

Kwa ajili hiyo, palipo na vyombo vya kupimia mtu hali amelala, mwongozo uliotolewa mwaka 2004 na jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa lishe wataka mtu alale chali dakika 5 hata 10 kwanza, mikono ikae mbali na ubavu na mapaja yasigusane. Viungo vikigusana, umeme hupata njia ya mkato, na hesabu hupotoka.

Ama mwenye mizani nyumbani, na apime kwa saa ile ile na hali ile ile: mathalan asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya kula, akiwa amekwisha kusimama kwa muda ule ule kila mara. Asilinganishe jioni na alfajiri, wala chombo kimoja na kingine. Siku za saumu maji hupungua, basi asiwe na haraka ya kuhukumu. Na mwenye chombo cha umeme cha kuendeshea moyo asiipande kabisa. Kadhalika mama mja mzito asiitumie pasipo idhini ya daktari.

Mfanya biashara mwaminifu hutazama kwanza kama mizani yake imekaa sawa, ndipo huiamini. Nasi tusiihukumu miili yetu, wala ya watoto wetu, kwa tarakimu moja iliyopimwa vibaya. Wazazi, mkimwona kijana anakimbia sinia kwa ajili ya tarakimu, msimcheke kama nilivyocheka mimi. Muulizeni alipima lini, na alikuwaje alipopima.

Kijana wetu amerudi kula. Mizani anayo bado, lakini huipanda mara moja kwa juma, asubuhi, na hutazama mwendo wa miezi, si wa usiku mmoja.