Zaidi ya bao la Haller
Tarehe 7 Februari 2024, Côte d'Ivoire iliwafunga Léopards, timu yetu ya taifa ya DR Congo, 1-0 kwenye nusu fainali ya Kombe la Afrika, kwa bao la Sébastien Haller. Anayesoma matokeo tu hataona kwamba wakati wa wimbo wa taifa wachezaji wetu waliziba mdomo kwa kiganja na kuelekeza vidole viwili kichwani kama bastola, kwa ajili yetu sisi wa mashariki mwa nchi. Mimi naiita hiyo kazi kubwa, nayo haionekani kwenye matokeo. Uwanjani pia kuna kazi ambayo matokeo hayaionyeshi, kwa hiyo makocha wa vijana wa Butembo na Lubero, shikeni daftari: nani alipokonya mpira, nani aliupoteza akaukimbilia tena? Wacheza gofu nao hawaishii kwenye jumla: huhesabu kando hata mapigo ya mwisho karibu na shimo. Beki ambaye timu yake imefungwa mabao matatu aonyeshwe ukurasa wake wa daftari jioni ileile, aone kazi aliyoifanya.