Mtoto anataka osiloskopu ya mtumba? Anza hapa

Mtoto alianza kwa kufungua redio mbovu, akahamia kwenye Arduino, kile kibao kidogo cha kompyuta. Sasa amekuja na ombi jipya: osiloskopu ya kidijitali, ya mtumba. Mzazi anaona mashine nzee ya maabara na maswali mawili yanamjia: itamfaa? Na je, ni salama?

Osiloskopu huchora umeme kwenye kioo. Mita ya kawaida inasema kuna volti 5. Osiloskopu inaonyesha volti hizo zinavyopanda na kushuka. Asiye na mita aanze na mita. Anayeimudu, lakini bado hajui kwa nini taa yake inapepesa au spika inakoroma, huyo osiloskopu itamfaa.

Uzee wenyewe si tatizo. Chukulia Tektronix TDS 210, mashine ya miaka ya 1990. Inapima njia 2 kwa pamoja, hadi megahezi 60. Sauti ambayo sikio la binadamu husikia huishia karibu kilohezi 20, na Arduino Uno huendeshwa kwa megahezi 16. Kwa anayejifunza, inatosha. Upungufu wake ni kumbukumbu: huhifadhi pointi 2,500 tu kwa kila njia, hivyo kufuatilia data ndefu kutamsumbua.

Kabla ya kulipa, muuzaji aiwashe mbele yenu. Usoni mwa mashine hiyo, kama ilivyo kwa nyingine nyingi, kuna kipini kinachotoa wimbi la mraba la kilohezi 1. Unganisheni waya wa kupimia hapo. Umbo la mraba lionekane vizuri kwenye njia zote mbili. Jaribuni kila kitufe. Ulizeni pia kama nyaya za kupimia zimo kwenye bei.

Hatari kubwa iko kwenye klipu ndogo ya waya huo. Klipu hiyo imeungwa moja kwa moja na ethi ya soketi ya ukutani. Mtoto akiibana kwenye waya wenye umeme wa volti 230, ni shoti papo hapo: cheche, moto, kuungua.

Wapo wanaokwepa shoti hiyo kwa kukata pini ya tatu ya plagi au kutumia adapta isiyo na ethi. Hiyo ni hatari zaidi. Klipu ikigusa umeme, sehemu za chuma za mashine nazo zinakuwa na umeme, na anayezigusa anaweza kupoteza maisha.

Kwa hiyo sheria ya nyumbani iwe moja: vinavyopimwa ni vya betri au volti ndogo tu. Televisheni, maikrowevu na chaja zilizofunguliwa asiziguse. Kapasita zake zinaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa.

Ikitokea amepigwa shoti, msimshike kabla ya kuzima swichi kuu. Kisha apelekwe hospitali hata kama anasema yuko sawa, kwa sababu alama ndogo kwenye ngozi inaweza kuficha jeraha la ndani, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika.

Mashine ikipita majaribio na mtoto akaikubali sheria hiyo, mnunulie. Siku za kwanza, kaa naye mezani.